Nilipokuwa Tanga, Mombasa na Maskati kwa Wakati Mmoja

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaisahau. Niliitwa chumbani kwa Bi Zuwena, mkuu wa masjala katika ofisi moja pale Madungu, Chake Chake. Nilikuta meza yake imefagiwa kila kitu, imebaki fomu yangu peke yake, na juu ya fomu miwani yake aliyoivua. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Shati nilikuwa nimelipiga pasi ya mkaa tangu alfajiri, kwa sababu niliamini naitwa kupewa ufunguo.

Nitakueleza ufunguo wenyewe. Ofisi zetu zilikuwa na masjala mbili za kutunzia majalada. Ya kwanza ilikuwa masjala ya wazi, chumba kikubwa chenye feni bovu, na humo ndimo nilimokuwa karani: barua za likizo, barua za uhamisho, barua za watu waliokuwa wakiomba saruji ya kujengea vyoo vya skuli. Ya pili ilikuwa masjala ya siri. Ilikuwa chumba kidogo chenye mlango wa chuma na ufunguo mmoja, na karani wake hakuchaguliwa kwa mwandiko mzuri tu. Alifanyiwa upekuzi. Alijaza fomu ndefu, kisha mtu alitumwa kwenda kuuliza kwao: alilala wapi, alikaa na nani, aliwahi kula nini na kuvuta nini. Akionekana wa kuaminika, alikabidhiwa mlango.

Nakuhadithia haya kwa sababu jana, wewe mtoto wa jirani yangu, umeniletea fomu yako ya upekuzi nikuangalizie. Umeijaza vizuri, na mwandiko wako mzuri kuliko wangu. Lakini swali la kumi na moja, lile la dawa za kulevya, umeliruka. Sikukuuliza kitu, nilikwambia niachie mpaka leo. Basi kaa. Chai ipo, na mkate wa mofa bado wa moto.

Nilikulia Mtambile, mtoto wa mchumaji wa karafuu. Nilipotimiza miaka ishirini na moja nilivuka kwenda Unguja kutafuta kazi, nikapata kibarua cha kupakua mizigo, nikapata na marafiki. Mmoja aliitwa Saidi, mcheshi, mtu wa kukuchekesha mpaka ukasahau kwamba huna chakula. Tulianza na bangi nyuma ya ghala. Baada ya muda Saidi alikuja na unga. Sitakusimulia utamu wake wala uchungu wake, kwa sababu wanaosimulia utamu hudanganya, na uchungu hausimuliki. Nitakwambia tu kwamba nilikaa karibu mwaka mzima, na mwaka huo niliuza viatu vyangu mara mbili: vya kwanza vilikuwa vyangu, na vya pili nilivikuta msikitini.

Aliyenifuata alikuwa Mjomba Makame, kaka yake mama, mvuvi wa pweza wa kisiwani Fundo. Alinishika mkono pale nilipokuwa nimekaa, akasema, "Twende zetu," kama mtu aliyetumwa kumchukua mtoto chuo cha Kurani. Akanipeleka Fundo. Siku za arosto, mwili ulipokuwa ukiudai unga, nilimtukana matusi ambayo sijayasema tena. Yeye alikuwa akiniletea uji, akikaa mlangoni akishona nyavu zake. Nilikaa Fundo mwaka mzima, nikaanika mwani na wanawake wa kule, nikanenepa. Nilipoondoka nilikuwa mzima, na tangu siku ile sijaugusa unga wala bangi mpaka leo hii ninapokumiminia chai.

Nilirudi Mtambile, nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi ya ukarani Madungu. Miaka minne ikapita. Ndipo ikatangazwa nafasi ya masjala ya siri, na Bi Zuwena mwenyewe akaniambia niombe.

Fomu ilitaka nieleze nilikaa wapi kila mwaka tangu nilipomaliza skuli. Nilipofika kwenye ile miaka miwili, wa Unguja na wa Fundo, kalamu ilisimama. Kisha nikaandika: Tanga, kwa shangazi, biashara ya viatu. Chini yake liliulizwa swali kama hili lako la kumi na moja. Nikaandika: Hapana. Nikatia sahihi. Nilifanya haraka, kama mtu anayeruka mfereji.

Jioni nilimwambia mama, "Mama, watakuja watu kuuliza. Waambie nilikuwa Tanga."

Mama alikuwa anachambua karafuu ukumbini, anazitenga na makonyo, vile vijiti vyake. Hakuinua kichwa. "Tanga," akasema, kama anaonja chumvi. Kisha akasema, "Haya."

Hapo ndipo lilipo kosa langu, mwanangu, na ni kosa la watu wa huku kwetu. Sisi husitiriana. Mtoto wa jirani akianguka, hatumtangazi. Akiinuka, tunajifanya hatukumwona akianguka. Jambo hili ni zuri, na bila hilo nisingekuwa na pa kurudi. Mtambile nzima ilijua habari yangu na hakuna aliyewahi kunitupia neno. Basi nikadhani mpekuzi naye ni mgeni wa kawaida, watu watanifunika, na mimi nitajifunika, na mambo yatakwisha.

Mpekuzi alikuja kwa vespa, bwana mpole mwenye sauti ndogo. Alikwenda kwa mama. Alikwenda kwa Mwalimu Khatib aliyenisomesha chuoni. Alikaa dukani kwa Mzee Shaame akanunua biskuti. Siku nyingine akateremka Wete, akapanda mashua, akaenda Fundo kwa Mjomba Makame. Niliyajua hayo yote, na nilikuwa nalala usingizi mzuri.

Basi ndiyo asubuhi ile.

"Kaa, Faki," akasema Bi Zuwena.

Nikakaa.

"Ile miaka miwili, ulikuwa wapi?"

"Tanga, Bi. Kwa shangazi yangu. Nikiuza viatu."

"Viatu gani?"

Hilo sikulitegemea. "Vya ngozi."

"Mama yako anasema vya plastiki. Lakini hilo dogo." Alivaa miwani yake. "Mwalimu Khatib anasema ulikuwa Mombasa, unasoma. Mzee Shaame anasema ulikwenda Maskati. Tena anasema ulimletea kofia."

"Kofia?"

"Kofia. Kaitoa kabatini kamwonesha mpekuzi." "Nimekaa na majalada miaka ishirini na mbili, Faki. Sijaona mtu aliyekaa Tanga, Mombasa na Maskati kwa wakati mmoja, na pasipoti hana."

Nilitazama sakafu. Nilikuwa bado natafuta njia, mwanangu, nakwambia kweli. Nilikuwa najiuliza kama naweza kusema nilianzia Tanga nikapitia Mombasa.

"Usitafute," akasema, kana kwamba nimesema kwa sauti. "Habari ya unga wako ilifika Chake kabla yako. Kisiwa chenyewe hiki, unadhani tuko wangapi? Mpekuzi kaijua siku ya kwanza. Njoo uone alichoandika."

Alinigeuzia karatasi. Kulikuwa na mistari kwa mkono wa yule bwana mpole: kwamba kijana huyu aliwahi kula unga akiwa mdogo, kwamba alitibiwa na jamaa zake, kwamba ana miaka mitano ameacha na watu wanaomjua hawana shaka naye, na kwamba anafaa kufikiriwa. Kisha mistari yote hiyo ilikuwa imepigwa mstari mmoja mrefu wa wino mweusi. Pembeni aliandika maneno machache tu: *Ameulizwa. Amekataa. Ametia sahihi.*

"Unga haukukunyima kazi," akasema Bi Zuwena. "Mtu aliyekula unga akaacha, miye najua nimfanye nini. Nitahesabu miaka. Nitawauliza aliokaa nao. Nitamtazama kazini, anakuja saa ngapi, ana rafiki gani. Lakini aliyeniandikia uongo kwa wino, nimshike wapi? Sasa hata jina la babu yako nalitilia shaka."

"Bi," nikasema, "kwetu tunasitiriana. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

Hapo ndipo alipokasirika, lakini hasira yake ilikuwa ya taratibu. Alifungua karatasi nyingine.

"Mjomba wako mvuvi. Kalamu hajaishika. Sikiliza alichomwambia mpekuzi." Akasoma: "'Alikuwa kwangu mwaka mzima. Kaja mgonjwa, kaondoka mzima. Ugonjwa gani, mwenyewe atakueleza, ni wake.' Basi, hakuongeza. Hivyo ndivyo mtu anavyositiriwa, Faki. Hakuitoa siri yako na hakusema uongo. Kakuachia mlango wazi uingie mwenyewe. Weye ukaupiga komeo."

Akavua tena miwani. "Na jambo jingine uliweke moyoni. Mle ndani mna karatasi ambazo wapo watu wangezitaka. Mtu anayeficha jambo lake ana bwana asiyemjua. Siku moja bwana huyo atajitokeza, atasema, nipe karatasi fulani au nitakutaja. Nawe utampa. Utalia, lakini utampa."

Sikupata ufunguo. Alipewa kijana mwingine, na nilimwona akiufunga kwenye mnyororo wa suruali yake. Nilirudi kwenye chumba changu cha feni bovu nikijua kwamba kazi yenyewe nimeachiwa kwa huruma. Kabla sijatoka kwa Bi Zuwena aliniambia maneno mawili ya mwisho. La kwanza: "Nafasi itatokea tena. Mimi sijakufuta." La pili: "Lakini kwanza nenda kwenu. Umewabebesha watu wazima uongo. Kawatue."

Ijumaa ile nilikwenda Mtambile. Nilianza na Mwalimu Khatib, kwa kuwa nilimwogopa zaidi. Nilimkuta anatengeneza jamvi la chuo. Nilipomaliza kusema, aliliweka jamvi chini, akasema, "Nilipomtajia yule bwana Mombasa, ulimi wangu ulikuwa mzito siku tatu. Nikajiambia, nimefanya kwa ajili ya Faki." Akanishika bega. "Nisamehe na miye. Nilidhani nakusaidia."

Mzee Shaame wa dukani alikuwa mtu wa namna nyingine. Alinisikiliza huku anapima sukari.

"Kwa hiyo hukwenda Maskati."

"Mzee, unajua sikwenda."

"Najua. Lakini nshamwambia kila mtu kofia hii ya Maskati. Sasa niseme ya wapi?"

"Umeinunua wapi?"

"Hapahapa Mkoani, sokoni." Akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Ilikuwa nzuri zaidi jana."

Nikacheka, na nilikuwa sijacheka tangu asubuhi ile ya Madungu.

Mama nilimwacha wa mwisho. Karafuu zilikuwa zimeshaanuliwa, ukumbi mtupu, harufu imebaki. Nilimwambia kwamba nilikosea kumtuma aseme vile. Alikunja ncha ya kanga yake.

"Alipokuja yule mtu," akasema, "nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri. Nilikuwa na udhu wangu. Nikamwambia Tanga. Kisha sala ya alasiri nikashindwa kusimama moja kwa moja, nikakaa kwanza." Alinitazama. "Si wewe uliyenitia aibu ulipokuwa Unguja, Faki. Nilijua u mgonjwa. Lakini siku ile nilijihisi kama nimekukana. Kama nimesema mwanangu aliyeumwa hakuwepo, yupo mwingine, muuza viatu."

Nilimshika miguu. Naye akanipigapiga kichwani, akaniuliza kama nimekula.

Miaka mitatu ikapita. Sikukosa kazi hata siku moja, ila siku tulipomzika Mjomba Makame kule Fundo. Nafasi ya mlango wa chuma ikatokea tena, na Bi Zuwena hakuniambia niombe. Aliiacha fomu tupu kwenye meza yangu akaenda zake. Safari hii niliijaza siku nzima. Kwenye ile miaka miwili niliandika Unguja na Fundo. Kwenye swali la dawa niliandika Ndiyo, nikaongeza karatasi, kwa sababu nafasi haikutosha: nilianza lini, nilikula nini, kwa muda gani, niliacha vipi, nani alinisaidia, na kwamba nimeacha. Niliandika hata viatu vya msikitini. Na mwisho niliandika kwamba fomu yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo, na uongo ulikuwa wangu peke yangu, wale walioufuata waliufuata kwa kunipenda. Mkono ulitetemeka mpaka herufi zikaonekana kama za mtoto wa darasa la pili. Niliiacha vivyo hivyo.

Mpekuzi alikuwa yuleyule, na vespa ileile, nywele zimeingia mvi. Alikwenda Mtambile, akarudi, akanipitia kazini. Aliniuliza jambo moja tu: "Na ile kofia?"

"Ya Mkoani," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaandika.

Nilipewa ufunguo. Nililinda mlango ule miaka ishirini na sita, mpaka nilipostaafu. Watu huuliza ni siku gani nilijihisi nimepona. Wanadhani nitasema siku niliyoondoka Fundo, au siku niliyokabidhiwa ufunguo. Sivyo. Ilikuwa siku aliyokuja Saidi.

Nilikuwa na miaka minane kwenye kazi ile. Alikuja adhuhuri, kakonda, meno mawili hayapo, lakini ucheshi bado anao. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi. Alinichekesha kidogo, kisha akaniambia kuna watu wanataka kuona jalada la kiwanja kimoja cha pwani kilichokuwa kinagombaniwa. Waone tu, dakika tano. Nikamwambia haiwezekani.

"Faki," akasema taratibu, "hawa mabosi wako wanajua ulikuwa nani Unguja? Sitaki kukuharibia. Una mke, una watoto. Lakini unanilazimisha."

Nilimkumbuka Bi Zuwena, ambaye wakati huo alikwishastaafu. Bwana asiyejulikana, huyu hapa, kakaa na mimi benchi moja, viatu vyake vimetoboka. Nilisubiri hofu inipande. Nikasubiri tena. Haikuja.

"Nenda ukawaambie," nikasema. "Ghorofa ya juu, mlango wa kulia. Ukifika, waombe wakutolee fomu yangu, karatasi iliyoongezwa. Kama nimesahau kitu, wakumbushe."

Alinitazama kama mtu aliyevuta mlango akaukuta haukufungwa. Kisha mabega yakamshuka. Nilimpeleka kunywa chai, nikamwambia kwamba kule Fundo jamaa zangu bado wapo, na wakisikia jina langu watampokea. Hakumaliza kikombe. Sijui kama alikwenda, na mara nyingi nimemwombea awe amekwenda. Mimi nilipanda ghorofani siku ileile, nikaandika taarifa ya yote aliyonitaka nifanye, nikaweka na sahihi.

Sasa, mwanangu, nirudi kwako.

Sikuulizi kama ilikuwa bangi au vidonge, wala mara ngapi, wala na nani. Hayo si ya kuniambia mimi kwanza. Fomu ndiyo iliyokuuliza. Andika ulichofanya kama kilivyokuwa, usikipunguze na usikikuze ili uonekane unatubu sana. Andika lini, na lini uliacha. Kama hujaacha, basi usiirudishe fomu hii mwaka huu, njoo kwangu tushughulikie hilo kwanza, na kazi itakungoja au itakuja nyingine. Kama kuna tarehe huikumbuki, andika kwamba huikumbuki. Na usimwombe mtu yeyote akusemee uongo, hata mama yako, na zaidi mama yako. Waambie wote mapema: wakija kuuliza, semeni mnachokijua.

Huenda ukaandika kweli na bado wasikupe nafasi. Kosa la karibuni huwapa watu wasiwasi, na wana haki ya kutaka muda. Sikufichi hilo. Lakini anayekataliwa kwa kweli aliyoisema anaweza kuomba tena akiwa yuleyule. Mimi ilinibidi nianze kwa kuwa mtu mwingine.

Na jambo la mwisho. Kule chini ya fomu, kwenye majina matatu ya wanaokujua, nimeona umeniandika mimi. Nimefurahi, na nadhani najua kwa nini umeniandika. Basi ujue nitakachosema. Mpekuzi akija hapa, nitamkaribisha, nitampa kiti, nitamwambia kwamba nakujua tangu unabebwa mgongoni, kwamba una moyo mzuri na mikono yenye kazi. Akiuliza la swali la kumi na moja, nitamjibu kama alivyojibu mvuvi wa Fundo: mwenyewe atakueleza, ni lake. Sitasema zaidi, na sitasema Tanga.

Kalamu hiyo hapo, karibu na sahani. Mimi sina haraka, naweza kukaa nawe mpaka uifikie sahihi. Mola akupe mkono usiotetemeka, na ukitetemeka, akupe nguvu ya kuendelea kuandika hivyo hivyo. Akufungulie mlango ulio wako, na siku utakapoingia, usiwe na neno hata moja nyuma yako la kukufanya ugeuke.